"Nia Njema" katika Hesabu za Makampuni

Mfasiri wa hesabu za makampuni, akutanapo na neno la Kiingereza goodwill, huelekea kuandika "nia njema". Tafsiri hiyo yafaa katika salamu za serikali mbili. Katika mizania yapotosha. Mwenye hisa aisomaye aweza kudhani ametajiwa hisani ya wateja, kumbe ametajiwa fedha zilizokwisha kulipwa.

Tuitazame maana yenyewe. Kampuni ikinunua nyingine kwa shilingi milioni 100, na mali za ile iliyonunuliwa ziwezazo kutambuliwa, baada ya kutoa madeni, zikathaminiwa milioni 70, basi milioni 30 zilizosalia ndizo ziandikwazo kwa jina hilo. Ni baki tu la hesabu ya kutoa. Wako watakaopendelea "thamani ya jina". Hilo lakaribia, ila lina kasoro: jina jema ambalo kampuni imejijengea yenyewe haliruhusiwi kuingizwa katika mizania, huingizwa lililonunuliwa tu. Kwa hiyo naona "ziada ya ununuzi" ndilo lisemalo kweli.

Neno la pili ni la kupungua kwake. "Uchakavu" halifai. Mashine huchakaa kwa kadiri ya miaka, lakini ziada hii, kwa kanuni za kimataifa zilizotolewa 2004, haikatwi kila mwaka bali hupimwa walau mara moja kwa mwaka. Huulizwa: sehemu ya biashara yenye ziada hiyo yaweza kurudisha kiasi gani, ikiuzwa au ikiendelea kutumika? Kiasi kikubwa katika hivyo viwili kikiwa chini ya kilichoandikwa, tofauti hukatwa, wala ziada iliyokatwa hairudishwi tena. Hiyo yafaa kuitwa "hasara ya thamani". Na tusisahau kwamba wakadiriao mapato ya kesho mara nyingi ndio hao hao walioinunua kampuni jana.

Huko Marekani, kampuni za AOL na Time Warner ziliungana 2001. Katika robo ya kwanza ya 2002, kwa kanuni mpya za nchi ile, kampuni hiyo ilikata ziada ya dola bilioni 54 hivi. Hapakuungua ghala wala kuzama meli. Asomaye "nia njema" atauliza ni nia ya nani iliyoharibika. Asomaye "ziada ya ununuzi" atauliza lipasalo kuulizwa: ni nani aliyekubali bei ile, na kwa hoja gani?