Chumba Kimoja, Lenzi Pana: Uhakiki wa The Hateful Eight

Watu wakiitaja The Hateful Eight ya Quentin Tarantino (2015), huzungumzia damu, matusi na urefu wake. Mimi nitahakiki lenzi zake. Tumezoea darasani kutenganisha fani na maudhui, kisha kuipa fani aya mbili za mwisho. Katika filamu hii njia hiyo haifai, kwa sababu sehemu kubwa ya maudhui imebebwa na upana wa picha.

Lenzi ya anamofiki huibana picha kwa upana inapoingia kwenye mkanda wa filamu, na lenzi ya projekta huitanua tena ukumbini. Mfumo huu ulibuniwa na Mfaransa Henri Chrétien, na kampuni ya Fox ikautangaza mwaka 1953 kwa jina la CinemaScope kupitia filamu ya The Robe. Lenzi za mwanzo zilikuwa na kasoro ya kuchekesha: mwigizaji akipigwa kwa karibu, mashavu yalitanuka, hata watu wa Hollywood wakaiita kasoro hiyo matubwitubwi. Panavision ilijipatia jina kwa kuutibu ugonjwa huo. Lenzi za kawaida za aina hii huibana picha mara 2. Zile walizochagua Tarantino na mpiga picha wake Robert Richardson, za mfumo wa Ultra Panavision 70, huibana mara 1.25 tu, lakini juu ya mkanda wa milimita 65. Matokeo yake ni picha ambayo upana wake ni mara 2.76 ya kimo chake.

Lenzi hizo huwezi kuzinunua hata ukiwa na fedha. Panavision huzikodisha tu. Za aina hiyo ndizo zilizopiga mashindano ya magari ya farasi katika Ben-Hur (1959), na filamu ya mwisho kutumia mfumo huo kabla ya Tarantino ilikuwa Khartoum (1966), ile ya Jenerali Gordon na Mahdi wa Sudan. Ilibidi zifanyiwe matengenezo ili zikubali kamera za leo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini hapa ya kuazima ndiyo iliyovaliwa ikakaa vizuri. (Gitaa halikuwa na bahati hiyo. Jumba la makumbusho la kampuni ya Martin liliazimisha gitaa la miaka ya 1870, na Kurt Russell akalivunja mbele ya kamera akidhani ni la mfano.)

Sasa pingamizi. Baada ya safari ya theluji mwanzoni, karibu filamu nzima inafanyika ndani ya nyumba moja, Minnie's Haberdashery. Kwa nini ukodi lenzi iliyozoea majangwa na majeshi, kisha ujifungie nayo chumbani? Mtu anaweza kusema ni majivuno ya mwongozaji mwenye jina. Hoja hiyo haijaitazama ramani ya chumba. Mhusika Oswaldo Mobray anapendekeza wageni wagawanye nyumba: upande wa meko uwe Georgia, upande wa baa uwe Philadelphia, na meza ya chakula isiwe ya yeyote. Jenerali mzee wa jeshi la Kusini ameketi karibu na meko. Meja Warren, Mweusi aliyepigania Kaskazini, yumo chumba hichohicho. Vita vimekwisha ila kila mmoja bado yuko upande wake, na picha hii pana inaweza kuonyesha pande zote mbili kwa pamoja, bila kukata. Picha nyembamba ingemlazimu mwongozaji aruke kutoka uso hadi uso, nasi tungesahau nani yuko umbali gani kutoka kwa adui yake.

Taharuki nayo inatoka hapohapo. Mmoja anazungumza mbele, mwingine anapita nyuma karibu na birika la kahawa. Mkanda mkubwa hufanya sehemu inayoonekana vizuri kuwa nyembamba, hivyo yule wa nyuma mara nyingi huwa na ukungu kidogo. Unajua yupo, mikono yake inafanya nini, hujui. Katika hadithi yenye sumu ndani ya kahawa, hilo linatosha.

Sisemi filamu haina dosari. Ndani ya gari la farasi, sura za mwanzo, mazungumzo ni marefu mno na upana hauna kazi ya maana. Pia naona ubaguzi fulani katika uamuzi wenyewe: nakala za milimita 70, zenye dakika 187 pamoja na mapumziko, zilionyeshwa katika kumbi zipatazo 100 tu huko Amerika Kaskazini. Wengine tulipata ile ya dakika 168. Nimeitazama kwenye kompyuta, nikiwa na weusi juu na chini uliokula zaidi ya theluthi ya kioo. Vijana wengi wanaopiga video kwa simu hapa Kampala wameupenda weusi huo, wanaubandika ili kazi ionekane ya sinema, na pembeni mwa fremu zao hakuna mtu wala kitu cha kutazama. Wamekopa pindo wakaacha kanga.

Kwenye vibanda vya video mambo ni kinyume. Wateja hawapendi weusi, kwa hiyo mwenye kibanda akibonyeza rimoti picha hutanuka ikajaza televisheni. Theluthi na zaidi ya upana hukatwa kulia na kushoto. Georgia inaondoka, Philadelphia inaondoka, inabaki meza.