Pongezi kwa Mafundi wa Pampu za Petroli
Miongoni mwa mafundi wa magari, wanaostahili pongezi za pekee ni wale wanaohudumia magari ya zamani kama Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, kwa kuwa kwao uchunguzi hutangulia ununuzi wa vipuri. Injini inapopoteza nguvu mlimani, fundi hodari hailaumu pampu papo hapo, bali hukagua kwanza chujio na mipira ya petroli, kisha, baada ya kukata umeme wa plagi, huchomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kuuelekeza chupani huku injini ikizungushwa kwa stata. Petroli ikitoka kwa unyonge ilhali njia ya kutoka tangini ni safi, kasoro imo ndani ya pampu, na aghalabu ni kiwambo, yaani utando unaovuta na kusukuma petroli, ambacho kikichanika huweza kuvujisha petroli hadi kwenye oili ya injini. Wakati wa kufunga pampu mpya, fundi husafisha uso wa chuma, huweka gasketi mpya na kukaza bolti kwa zamu ili zibane sawasawa. Utaratibu huo, unaorithishwa zaidi kwa uanagenzi kuliko darasani, ni elimu kamili inayomwepusha mwenye gari na gharama zisizo za lazima.