Sifa ya Kiungo

Miongoni mwa sanaa zilizozuka katika zama zetu, sijaona iliyo na unyenyekevu kama ile ya mafundi wa saketi za kompyuta za kwanta. Kwani wao, badala ya kushikilia kuunda chombo kizima juu ya chipu moja, wamekiri kuwa mkono wa binadamu hukosea, na kwa kukiri hivyo wakaanza kutengeneza vipande vinavyoweza kupimwa, kukataliwa na kubadilishwa.

Itazame kazi yenyewe. Ndani ya chumba kisicho na hewa, fundi huichemsha alumini hata mvuke wake utue kwa pembe maalumu juu ya kipande cha silikoni. Kisha huingiza oksijeni kidogo, ukafanyika utando wa unene wa nanomita moja au mbili. Kisha huirudisha alumini kwa pembe nyingine, safu ya pili ikaifunika ya kwanza. Hapo elektroni, zikienda jozi jozi, hupenya utando ambao ilidhaniwa ungezizuia, kama alivyobashiri Brian Josephson huko Cambridge mwaka 1962, naye angali mwanafunzi wa miaka 22. Utando ukizidi unene kwa kadiri isiyoonekana, mtetemo wa kyubiti, yaani biti ya kwanta inayotegemea utando huo, huhama, ukagongana na wa jirani yake. Penye kyubiti tano, hiyo ni hasara ya kuvumilika; penye mia kadhaa zilizoshikamana, taksiri ya moja huwaponza wengi.

Ndiyo maana ya kugawa. Walakini kugawa ni rahisi, kuunga ndiko kwenye kazi, kwa sababu kinachopita baina ya kipande na kipande aghalabu ni fotoni moja ya mawimbi ya maikro, ambayo kwa sheria ya maumbile haiwezi kunakiliwa: ikipotea njiani, haina badali.

Mafundi wa ETH Zürich, katika kazi waliyoitangaza mwaka 2023, waliweka kyubiti mbili katika majokofu mawili, wakaziunganisha kwa mfereji wa alumini wa mita 30, nao wote wakaupoza hadi karibu na sifuri kamili. Urefu huo haukuwa wa majivuno, bali wa kuthibitisha kwamba kyubiti hizo zimefungamana kikwanta. Nuru yenyewe huhitaji takriban nanosekunde 100 kuupita, na katika wasaa huo mfinyu vipimo vya pande zote mbili vilipaswa kukamilika, asije mtu akasema kyubiti moja ilimnong'oneza mwenziwe jibu. Ndani ya mtambo ule mna tani 1.3 za shaba na skrubu 14,000.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2025 walipewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa kazi yao juu ya saketi za namna hii, nao waliistahiki. Lakini lau ningeulizwa mimi, ningetenga fungu kwa yule aliyezikaza skrubu zile, joto lisipate pa kupenya.