Jando la Kikristo la Masasi, na Wari Waliosahauliwa

Msomaji akiitafuta insha ya Vincent Lucas, Askofu wa Masasi, iliyotolewa mwaka 1928 juu ya Wakristo na desturi za wenyeji, ataikuta imesifiwa sana. Nami naisifu, maana yauliza jambo zito: je, mtu akibatizwa, imani yake ikae upande mmoja, na furaha yake pamoja na jamaa zake ikae upande wa pili?

Katika habari ya wavulana jibu lake ni jema. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto tu, hata akiwa na ndevu. Kumkataza jando ni kumwambia abaki mtoto hata kufa kwake. Basi kabla ya vita ya 1914 likaanza jando la Kikristo. Mahali pa unga uliotolewa kwa mizimu pakawekwa msalaba na sala, nyimbo za matusi zikaondolewa, na wari walipotoka wakaenda kanisani kushukuru. Ngoma na mavazi mapya havikukatazwa, na hilo si dogo, maana desturi isiyo na shangwe nani ataifuata? Lakini sifa zote asipewe Askofu peke yake. Mapadre wenyeji, ambao Kolumba Msigala alikuwa mmojawapo, waliijua mila kutoka ndani. Bila wao nani angalijua lipi liachwe na lipi liondolewe?

Hapo ndipo naona upungufu. Terence Ranger, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 1972, alionyesha kwamba unyago wa wasichana haukugeuzwa kwa mafanikio kama jando. Sababu si ngumu kuiona. Mapadre wote walikuwa wanaume, na siri za unyago wamezishika wanawake wazee, manyakanga na makungwi, ambao hawakuwa na cheo chochote katika Kanisa. Wakaambiwa lipi limekatazwa. Wala si wao walioketi kuamua. Tena watu hawa wahesabu ukoo kwa upande wa mama, hata mwari wa kike ndiye mlango wa ukoo wenyewe. Insha inayomtaka Mkristo awe mtu kamili ingalianzia kwake.

Mfikiri binti wa Mkristo huko Newala, juu ya uwanda usio na maji. Wenzake wakishuka bondeni kuteka maji huzungumza mambo ya unyago. Naye akikaribia, wanyamaza, maana yeye ni mtoto. Akienda kuchezwa kwa siri, arudi na jambo la kuungama. Asipokwenda, ana imani yake, lakini hana rika.

Laiti insha ile ingalimpa nyakanga mmoja nafasi ya kusema, hata ukurasa mmoja tu.