Derby Iliyopotea Katika Robo ya Kwanza

Kentucky Derby ya mwaka 2022 iliharibiwa kabla farasi hawajafika kona ya kwanza. Summer Is Tomorrow, aliyetoka Dubai, aliachiwa hatamu mara tu malango yalipofunguka, akamaliza robo maili kwa sekunde 21.78. Hakuna Derby iliyowahi kuanza kwa kasi hiyo. Crown Pride, aliyemshinda kule Dubai kwenye uwanja wa Meydan wiki chache nyuma, akapelekwa kumfukuza badala ya kutulizwa. Nusu maili ikakatwa kwa sekunde 45.36, na bado zilisalia robo tatu za maili.

Huo ni uamuzi mbaya, na ushahidi umo ndani ya damu.

Farasi huingia langoni tayari amechemka. Msisimko peke yake huufanya wengu ujikamue na kumwaga akiba yake ya chembe nyekundu. Anapopumzika zizini, chembe hizo huwa kama asilimia 40 ya damu. Akienda shoti kwa nguvu zote, hupita 60. Moyo uliokuwa ukipiga mara thelathini na kitu kwa dakika hufika 220 na zaidi. Ni hazina ambayo binadamu hana kwa kiwango hicho, lakini oksijeni inayobebwa na chembe hizo huchukua muda kuifikia misuli kwa wingi. Ukimkamua farasi katika sekunde 20 za mwanzo, misuli huchoma sukari yake bila kuingoja, asidi ya laktiki hurundikana, na miguu huanza kuwa mizito.

Kuhema zaidi hakumsaidii. Katika shoti, farasi huvuta pumzi moja kwa kila mzunguko wa miguu yake. Miguu ikichelewa, pumzi nayo huchelewa, wakati ndiyo kwanza mwili unaidai.

Summer Is Tomorrow akamaliza wa mwisho kati ya farasi 20. Crown Pride akawa wa 13. Epicenter alipandwa vizuri, akashika nafasi ya pili. Rich Strike, ambaye wacheza kamari walimpa 80 kwa 1, alijitunza nyuma tangu lango la nje kabisa, akapenya ukingoni na kushinda kwa 2:02.61.

Wazee wa mchezo huu walilijua somo hilo. Katika Derby ya mwaka 1973 mpanda farasi Ron Turcotte alimwacha Secretariat aanzie nyuma, kisha robo maili zikaja hivi: sekunde 25.2, 24, 23.8, 23.4, 23. Kila moja ilikuwa ya kasi kuliko iliyotangulia, na muda wake wa 1:59.4 haujavunjwa hadi leo.

Safu hii imelisema mara nyingi na inalirudia: farasi 20 ni wengi mno. Wingi huo ndio unaowatia wapanda farasi hofu ya kubanwa konani, wakakimbilia mbele kwa gharama yoyote. Mbio za Preakness huishia farasi 14. Churchill Downs, wenyeji wa Derby, nao wapunguze.