Kitu kizito ni kipi? Karatasi ya hospitali na ndoo ya Keko

Hebu msomaji, soma sentensi hii: "Usinyanyue vitu vizito kwa wiki 6." Ni mstari mmoja kwenye karatasi ambayo mpangaji mwenzangu hapa Keko alirudi nayo baada ya upasuaji wa kuongeza matiti. Siku ya 12 nikamkuta bombani na ndoo mkononi.

"Dada, na hiyo ndoo?"

"Hii si nzito, mdogo wangu. Ni ya lita 10 tu, ile ya 20 nimemwachia mtoto."

Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaitii karatasi kama alivyoielewa. Kwa hiyo leo sina neno na dada, nina neno na karatasi.

Kosa la kwanza: haina kipimo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo ile ndoo "si nzito" ilikuwa kilo 10, na plastiki yenyewe hatujaihesabu. Madaktari wengi wa upasuaji huu huweka kikomo kati ya kilo 2 na 5 katika wiki za mwanzo. Mtungi mdogo wa gesi tunauita wa kilo 6, lakini hizo ni za gesi tu, bado chuma. Mtoto wa mwaka mmoja ana kama kilo 9. Aliyeandika "vitu vizito" huenda aliwaza vyuma vya gym. Hakuwaza uani kwetu, ambako maji huyafuata na mtoto hulia abebwe.

Kosa la pili: haisemi kwa nini. Kipandikizi cha titi (si kile cha uzazi wa mpango cha mkononi) ni mfuko wa silikoni unaowekwa juu ya msuli mkubwa wa kifua au chini yake. Msuli huo unaanzia kwenye kidari na mtulinga, unashika mfupa wa mkono karibu na bega. Ukivuta, ukisukuma au ukikumbatia kitu, unakaza. Mfuko ukiwa chini yake, unabanwa na unaweza kuhama kabla mwili haujaujengea ukuta wa kuushikilia. Tena ukijikakamua presha hupanda, na vimishipa vilivyoziba juzi tu vinaweza kufunguka, damu ikavilia ndani.

Ukishajua sababu, unaona kwamba kilo peke yake hazitoshi. Kusonga ugali wa watu wanane, kukamua jinsi iliyoloa, kusogeza kabati jipya kutoka kwa fundi wa pale Keko: kifua kinafanya kazi hata kama hujanyanyua kitu. Na wewe unayesema "mimi nabeba kichwani, kifua hakihusiki", subiri kwanza. Nani anakutwisha? Nani anakutua? Hapo ndipo msuli unapokaza kwelikweli.

Kosa la tatu: imekataza tu, haikuruhusu kitu. Dada alilala siku nne akiogopa hata kwenda mlangoni. Kumbe kutembea polepole tangu siku ya kwanza husaidia damu isigande miguuni, na mikono nayo inahitaji mijongeo midogo aliyoelekeza daktari ili mabega yasikakamae.

Sayansi imewahi kutufundisha kuhusu makatazo ya jumla. Kwa miaka mingi, wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti waliambiwa wasibebe vizito, mkono usije ukavimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa na uvimbe huo. Walionyanyua vyuma kidogo kidogo, kwa usimamizi, hawakuvimba kuliko wenzao, na uvimbe uliwasumbua mara chache zaidi. Huo ni upasuaji mwingine, na wao walikuwa wameshapona vidonda, kwa hiyo usikimbilie ndoo. Ila inaonyesha kwamba "usinyanyue" bila kipimo wala mwisho nayo ina madhara.

Tuwe wa haki: kwenye wiki 6 karatasi haijakosea. Baada ya wiki 3, kovu la ngozi lina karibu asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi nzima. Kufika 80 huchukua kama miezi 3. Maumivu huisha mapema kuliko uponaji, na hapo ndipo watu hujidanganya.

Basi ingeandikwaje? Mimi ningeandika hivi: "Wiki za mwanzo, usibebe zaidi ya dumu la lita 3. Usijitwishe, usisonge ugali, usikamue nguo. Mtoto apande mapajani mwako ukiwa umekaa, usimnyanyue. Tembea kila siku. Titi moja likivimba au kukaza ghafla, ukipata homa au usaha, rudi hospitali siku hiyohiyo." Kikomo chenyewe akujazie aliyekupasua, kwa kuwa ndiye anayejua mfuko uko juu au chini ya msuli. Muulize kabla hujatoka wodini, na umtajie ndoo, sio kilo.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi haiwezi kulifanya. Ile ndoo niliipokea mimi. Wiki 6 za mgonjwa wa Keko ni wiki 6 za majirani pia.