Jinsi nyoka wa kichawi anavyotoweshwa

Vipera Evanesca ni tamko la uchawi la kumfuta nyoka aliyezushwa kwa uchawi. Linasikika katika filamu ya Harry Potter and the Chamber of Secrets ya mwaka 2002. Katika riwaya ya J. K. Rowling ya 1998 iliyozaa filamu hiyo, tamko halipo: mwalimu Severus Snape anapunga fimbo tu, nyoka anatoweka, panabaki wingu dogo la moshi mweusi.

Nyoka huyo anazushwa na mwanafunzi Draco Malfoy kwenye mafunzo ya pambano la wachawi, shuleni Hogwarts, baada ya Snape kumnong'oneza jambo sikioni. Wa kwanza kujitosa kumwondoa ni mwalimu Gilderoy Lockhart, mwenye majivuno kuliko ujuzi. Mlio mkubwa unasikika, nyoka anarushwa juu futi kumi hivi, kisha anaanguka kwa kishindo, mzima na mwenye hasira zaidi, na kumwelekea mwanafunzi Justin Finch-Fletchley. Hapo kosa la kiufundi liko wazi: nguvu ya kusukuma hubadili mahali kitu kilipo, haigusi kuwepo kwake. Harry Potter naye, anapomtuliza kwa lugha ya nyoka, anabadili mwenendo wake tu. Snape peke yake ndiye anayelenga kuwepo kwenyewe.

Misingi ya kazi hiyo inakuja baadaye, katika Harry Potter and the Order of the Phoenix (2003). Mwalimu Minerva McGonagall anawafundisha wanafunzi wa mwaka wa tano kutowesha konokono, kisha panya, kwani ugumu hupanda kadiri mwili wa mnyama unavyozidi kuwa tata. Nyoka ana uti wa mgongo lakini si mamalia, hivyo kwa kipimo hicho angekaa katikati. Mwalimu kushindwa naye ni aibu. Kuzusha ndiko kugumu zaidi, na huachiwa madarasa ya juu. Malfoy alikuwa mwaka wa pili tu, kwa hiyo mnong'ono wa Snape si jambo dogo.

Huku kutowesha si mazingaombwe ya kuficha kitu mkononi. Katika riwaya ya mwisho ya Harry Potter, ya 2007, McGonagall anaeleza kwamba kilichotoweshwa huingia katika hali ya kutokuwepo. Filamu inapotosha kidogo hapo, kwa kuwa nyoka wake anaungua hadi kuisha, kana kwamba ameuawa kwa moto. Inapendeza machoni, lakini moshi wa kitabuni unaeleza kazi hiyo vizuri zaidi.

Moshi kama huo unaonekana tena katika Order of the Phoenix, mwalimu mkuu Albus Dumbledore anapopambana na mchawi mwovu Voldemort katika Wizara ya Uchawi. Nyoka aliyekaribia kumng'ata Dumbledore anarushwa juu na kutoweka angani kwa mpungo mmoja wa fimbo, bila tamko lolote kusikika.